Msanii wa wimbo mmoja, 1970–74: ni sifa au ni tusi?

Mzee wa Santuri
Wakuu, heshima kwenu. Jana nilikuwa nafuta vumbi santuri zangu ndogo nikaikuta Kung Fu Fighting ya Carl Douglas, ile ya 1974. Mjukuu wangu akauliza: babu, huyu aliimba nini kingine? Nikabaki nimeduwaa kama nimeulizwa hesabu za darasa la saba. Sasa naleta kwenu. Norman Greenbaum na Spirit in the Sky, Mungo Jerry na In the Summertime (zote zilivuma 1970), Manu Dibango na Soul Makossa (1972), wote hawa wanaitwa wasanii wa wimbo mmoja. Tunawaonea, au ndiyo haki yao? Mimi nasema tunawaonea. Kuichezesha dunia hata mara moja si jambo dogo. Kwetu yupo Gabriel Omolo wa Kenya na Lunchtime yake, yaani saa ya chakula cha mchana. Karibuni, ila naomba tusitoke nje ya miaka hiyo.

Fundi Redio
Shikamoo mzee. Kwa Lunchtime naomba nikatae. Wimbo ule umebebwa na saa. Redio ikifika saa saba mchana mtangazaji hana pa kukimbilia, anauweka. Watu wa Nairobi wangekuwa hawali mchana, nani angemjua huyo mzee?

Eastlando
Fundi, umenigusa pabaya. Umewahi kuusikiliza au unausikia tu? Ule wimbo umehesabu watu wa mji mzima: nani ameingia hotelini, nani amelala kwenye nyasi kwa sababu mfuko umetoboka. Babangu alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini miaka hiyo. Saa ya chakula ikifika anaenda Uhuru Park na gazeti la jana, anavua viatu, anaviweka chini ya kichwa visiibiwe, analala. Saa nane kasorobo anajipangusa majani suruali anarudi kazini, na akiulizwa amekula nini anasema nyama. Alikuwa akiusikia huo wimbo anacheka halafu ananyamaza. Umebebwa na saa? Umebebwa na njaa, kaka. Na ulipewa diski ya dhahabu, ile tuzo ya santuri iliyouza sana.

Mwalimu wa Takwimu
Kabla hatujafika mbali, tuseme tunahesabu kwa daftari la nani. Mungo Jerry ni wa wimbo mmoja Marekani tu. Kwao Uingereza walifika namba moja tena mwaka uliofuata kwa Baby Jump. Carl Douglas naye, Mjamaika aliyehamia Uingereza, aliingia tena kwenye chati za huko, ingawa si juu sana. Soul Makossa ilifika nafasi ya 35 Marekani mwaka 1973, basi wakamwandika Dibango "wa wimbo mmoja" wakafunga faili. Ni kama mgeni aje kwako Jumamosi, akukute unakula ubwabwa, aende akatangaze kwamba wewe maisha yako yote unakula ubwabwa.

Fundi Redio
Mwalimu, Soul Makossa si ndio ule uliotungwa kwa ajili ya Kombe la Dunia?

Mwalimu wa Takwimu
Hapana. Ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972, lililochezwa Kameruni. Na wimbo wa kombe ulikuwa upande wa kwanza wa santuri. Soul Makossa ilikuwa ya upande wa pili, ya kujazia. Kameruni wenyewe hawakufika hata fainali, kombe likachukuliwa na Kongo-Brazzaville palepale Yaoundé. Ule wa kwanza nani anaukumbuka? Wa pili ukaokotwa New York na David Mancuso, mpiga santuri wa sherehe za nyumbani kwake, ukawasha moto. Kung Fu Fighting nayo vilevile, ilirekodiwa harakaharaka mwishoni mwa muda wa studio ili wapate cha kuweka upande wa pili. Hili ndilo ningependa tulijadili: kwa nini nyimbo hizi hutokea upande ambao hakuna aliyeutilia maanani?

Binti wa Ngamiani
Mimi nimekwama kwenye "diski ya dhahabu" ya Eastlando. Jamani, Nairobi mlikuwa na mashine za kutengenezea santuri. Sisi miaka hiyo tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi inaingia studio, inapiga, utepe unabaki kabatini. Ukitaka santuri unapanda basi kwenda Nairobi. Diski ya dhahabu mngekosaje? Mwenye kinu ndiye mwenye unga. Hata Malaika mmeisaga kwenye kinu hichohicho.

Eastlando
Eh! Malaika imeingiaje hapa?

Binti wa Ngamiani
Imeingia kwa mlango uliouacha wazi. Mzee Adam Salim wa Tanzania amesema mpaka anazeeka kwamba aliutunga miaka ya arobaini. Nyinyi mmemwandika Fadhili William wenu wa Kenya, mkalala usingizi.

Eastlando
Kusema kila mtu anasema. Fadhili ndiye aliyeurekodi na Jambo Boys. Huyo mzee wenu kanda yake iko wapi?

Binti wa Ngamiani
Kwa hiyo asiye na kanda hana wimbo? Bibi yangu ana nyimbo za unyago hamsini na hajawahi kuona maikrofoni. Nazo ni za Fadhili?

Pwani Tulivu
Mmesahau kuna Grant Charo pia anayetajwa kuwa mtunzi. Sisi wa Pwani tumezoea, bara wakigombana, cha Pwani kinapotelea katikati.

Mzee wa Santuri
Wanangu, 1970 hadi 1974.

Mtu wa Bukavu
Salamu toka Kivu. Huyo Dibango mnamuita wa wimbo mmoja, kwetu ni mcheko. Alipigia bendi ya African Jazz ya Kabasele kuanzia 1961, akaishi Léopoldville (Kinshasa ya leo), akafungua kilabu chake, na 1962 akatoa Twist à Léo, mji wote ukacheza. Miaka kumi mbele ya Soul Makossa. Baba yangu mdogo hakujua kama huyo mtu ni wa Kameruni. Alimhesabu wetu.

Eastlando
Asante Bukavu. Sasa Binti, kwa kuwa umefungua kesi ya umiliki: bendi ya Simba Wanyika ni ya nani? Wale ndugu wa Tanga waliovuka kuja Mombasa 1971, mbona hamkuwazuia mpakani? Kwenu walikuwa wanapiga, kwetu wakawa Simba.

Binti wa Ngamiani
Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga, na usiwataje ukiwa umekaa. Uliyemfuga si uliyemzaa.

Eastlando
Nimesimama dadangu. Na nimeshika glasi.

Fundi Redio
Mnaelewana sana nyinyi wawili, mwishoni mtatuletea kadi ya mchango. Mwalimu, turudi kwa Soul Makossa. Michael Jackson si aliiba yale maneno?

Mwalimu wa Takwimu
Aliyatumia mwishoni mwa Wanna Be Startin' Somethin' bila kuomba. Dibango akadai, wakamalizana nje ya mahakama. Baadaye Rihanna akayatumia 2007, mzee akaenda mahakamani tena 2009. Kwa hiyo huo "wimbo mmoja" umezaa watoto wengi kuliko albamu nzima za watu. Na bado hakuna aliyenijibu habari ya upande wa pili.

Fundi Redio
Hapa Dar wakati ule neno soul lenyewe lilikuwa na kesi. Muziki wa soul ulipigwa marufuku Novemba 1969. Marehemu kaka yangu alikuwa na suruali ya bomba na nywele za kuchanua, aliwahi kukimbizwa Kariakoo na vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU hadi akaacha kiatu kimoja. Kile kilichobaki mama alikiweka miaka mingi, anasema mwenzake atarudi.

Pwani Tulivu
Ngoja niseme la kwangu, maana naona mnaongea habari za wasanii kama mnaongea habari za timu. Nimepiga gitaa kwenye hoteli za kitalii miaka tisa, kusini na kaskazini mwa Mombasa. Malaika nimeipiga kila usiku, na usiku mwingine mara mbili, kwa sababu wageni wa meza ya pili walichelewa kushuka. Nina tungo zangu kumi na nane. Siku moja nilijaribu kuingiza moja yangu katikati, meneja akanijia nyuma ya spika, taratibu kabisa, akaniambia: "Bwana, hapa watu wamekuja likizo." Kwa hiyo mzee, ukiniuliza mimi, mwenye wimbo mmoja ana bahati. Mimi nina kumi na nane na sina hata huo mmoja.

Binti wa Ngamiani
Pole kaka yangu. Lakini sema ukweli: ukiupiga ulikuwa unawaambia wageni ni wa nani?

Pwani Tulivu
Nilikuwa nawaambia ni wa zamani.

Eastlando
😂 Jibu la mwanasiasa hilo.

Binti wa Ngamiani
Si la kucheka. Miriam Makeba kauimba, Belafonte kauimba, Boney M. wakauimba 1981. Pesa za wote hao zilipita wapi? Fadhili mwenyewe aliishia kwenda Marekani kutafuta maisha, akarudi, akafia Nairobi 2001. Kama mwenye jina kwenye karatasi alihangaika hivyo, huyo asiye na karatasi je?

Eastlando
Hapo tuko pamoja. Sijasema aliyeandikwa alikula vizuri. Nimesema aliandikwa.

Mtu wa Bukavu
Dibango naye ameenda, Machi 2020, kwa korona, kule Ufaransa. Radio zetu siku hiyo zilipiga nini? Soul Makossa. Moja tu, kutwa nzima.

Mwalimu wa Takwimu
Na upande wa pili wa santuri…

Fundi Redio
Mwalimu, upande wa pili tumekusikia. Mimi nauliza tu kwa Eastlando: Lunchtime upande wake wa pili kulikuwa na wimbo gani?

Eastlando
Nitamuuliza mzee. Ile santuri yetu ilivunjika 1982, watu wakihama nyumba. Alikuwa anaweka upande mmoja tu, ule mwingine ulibaki unang'aa kama mpya.

Mzee wa Santuri
Wanangu, nimesoma yote mara mbili na miwani imeniuma pua. Kuhusu Carl Douglas nimlete yule mjukuu aje aseme mwenyewe, maana nyinyi mmenishinda. Mara ya mwisho naomba: 1970 hadi 1974.

Binti wa Ngamiani
Marahaba mzee, samahani, shikamoo. Swali dogo tu: hiyo Malaika ya Boney M. kwenye santuri ulizonazo, pale chini ya jina la wimbo wameandika jina la nani?