Nyasi bandia kando ya bwawa, nyumba ya Malindi

Kutoka Leicester, Jumapili usiku

Assalaam aleikum jamaa zangu, mlio ughaibuni na mlio nyumbani. Ile nyumba yangu ya upande wa Kasuarina inakaribia kwisha. Bwawa limeshatiwa vigae, limebaki eneo la kulizunguka, kama mita 60 za mraba. Nyasi za kweli sizitaki, maana maji ya kisima chetu yana chumvi na wa kuzikata hayuko. Fundi amenitumia kwenye simu picha za nyasi bandia aina nne. Zote za kijani, zote nzuri, ila bei ya moja ni mara tatu ya nyingine. Mamangu ndiye anayekaa pale, na ikifika Desemba nataka kupangisha wageni. Nichukue ipi?

Kutoka Malindi, Jumatatu

Waaleikum salaam mdogo wangu, na mama msalimie sana. Mimi kabla sijarudi nilikuwa Ujerumani, nikachagua kwa picha hivyo hivyo. Nilichukua za bei ya chini, na mwenye duka akaniapia kuwa ni zile zile za hotelini.

Kumbe zilikuwa za plastiki iitwayo polipropilini. Kaskazi ya kwanza zikalala, ya pili zikaanza kukatika: ukizipitishia kiganja unatoka na vijiti vya kijani kama majani ya chai. Upepo ukavipeleka majini, vikajaa kwenye chujio la pampu. Kijana wa bwawa kila asubuhi akawa anazoa nyasi ambazo hazikuota popote.

Kwa hiyo mwulize fundi ni plastiki gani kabla hujamwuliza bei. Unataka poliethilini, ambayo ni laini mguuni na hainywi maji. Nailoni husimama vizuri lakini ni ngumu na hushika joto. Dawa ya kuzuia jua iwe imechanganywa ndani ya plastiki tangu kiwandani. Urefu, milimita 20 hadi 30. Zikizidi hapo zinapendeza siku ya kutandikwa, kisha zinalala na kuficha mchanga.

Sasa joto, na hapa ndipo mafundi hawasemi. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua linatukaa utosini. Nyasi ya kweli hutoa unyevu ikajipoza. Ya plastiki haina cha kutoa, na kwenye jua kali inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Ukiimwagia maji inapoa, ukimaliza kukunja mpira wa maji imesharudi pale pale. Nimeona wageni wangu wakitoka bwawani wanakimbilia kivulini kwa ncha za vidole, kama kaa.

Mwambie fundi akuletee kipande cha kila aina, ukubwa wa msala, avitandike juani tangu saa nne. Ikifika saa nane mchana mtu asimame juu yake pekupeku na kuhesabu. Asiwe fundi, nyayo zake zimezoea kokoto. Na zile chembe nyeusi za mpira wa matairi wanazomwaga kwenye viwanja vya kandanda usizikubali: zinaongeza joto, na mwisho wake ni ndani ya bwawa. Wakisema lazima zijazwe kitu, utiwe mchanga safi wa silika, na kidogo tu. Wa ufuoni una chumvi.

La pili ni chini yake. Kwangu walipaka gundi juu ya zege iliyo sawasawa kama meza, wakaondoka. Masika ilipoingia maji yakakosa pa kwenda, na kibaraza chote kikanuka ndara mbichi. Mwinamo uelekee nje ya bwawa, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Pasipo na zege, kokoto ishindiliwe sentimita 8 hadi 10, kisha vumbi la mawe juu yake. Nyasi zenyewe ziwe na matundu mgongoni, igeuze uyaone. Misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana hewa yetu unaijua, na watu watakuwa miguu mitupu.

Klorini ya kawaida ya bwawa haizidhuru. Ila suuza kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima chenu, la sivyo zitaota weupe wa chumvi.

Kutoka Doha, Jumatatu usiku

Mimi sioni haja yote hii. Jiwe la Galana la kutandika sakafu liko hapo hapo nyumbani, mto huo huo tunaouita Sabaki ukifika kwetu, halitelezi na halichubuki. Plastiki ya nini?

Kutoka Malindi, Jumanne

Ami, Galana nalo saa nane si barafu. Lakini ukingoni nakubali, hata kwangu ndilo nililoliweka badala ya nyasi. Nyasi nimeziacha kwenye viti vya kulalia, chini ya makuti. Wewe wa Leicester, ile milango mikubwa ya kioo uliyosema utaileta na kontena, inaelekea bwawani? Kioo cha kuzuia joto kikirudisha jua mahali pamoja huyeyusha nyasi bandia. Zinajikunja mstari mmoja, kama nywele zilizopitiwa na moto.

Kutoka Leicester, Ijumaa

Inaelekea huko huko. Itabidi niongeze baraza mbele yake.

Vipande vilitandikwa jana, mamangu akakataa mtu mwingine asimame juu yavyo. Kile cha bei ya chini alihesabu hadi sita, akaruka, akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, hapa utakaanga mihogo." Cha tatu, poliethilini, alifika ishirini na mbili, akadai kivuli cha mwembe kilikuwa kinamsogelea. Basi: Galana mita moja na nusu kuzunguka maji, nyasi chini ya makuti na mwembeni tu. Fundi amenuna, kumbe roli zima alishaliagiza. Dada, hicho kisichoshika kutu hapo Malindi kinapatikana, au niweke misumari kwenye kontena?

Kutoka Malindi, Ijumaa

Weka. Na mimi niwekee kilo mbili.