Mabaki ya biashara: mnunuzi ulimpataje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za kazi. Tupeane uzoefu wa kuuza maboksi, plastiki, vyuma na mabaki mengine, na mlivyofanya yapungue.

Naanza mimi, nina stoo ya jumla. Nilikusanya maboksi miezi minne mpaka tukakosa pa kupita, ndipo nikaanza kutafuta mnunuzi. Alipofika hakushangaa wingi. Alichomoa kisu, akapasua robota la chini, akazamisha mkono hadi kiwiko, akautoa umelowa. Akakata kilo kwenye kila robota, na yaliyoota ukungu akaniachia palepale. Roho iliniuma, lakini alikuwa na haki: maji yanaongeza uzito, na karatasi iliyoanza kuoza haina kazi kiwandani.

Sasa naanza na mnunuzi. Namuuliza anachukua nini, kimefungwaje, na kuanzia kilo ngapi analeta gari. Maboksi yanakaa juu ya chaga, chini ya paa.

Fundi umeme
Mimi silaha yangu ni sumaku niliyoitoa kwenye spika bovu. Inanata kwenye chuma, hainati kwenye shaba wala aluminiamu. Ukimpelekea mnunuzi mchanganyiko, mzigo wote anaulipa bei ya kile cha chini kabisa. Angalizo: baadhi ya chuma kisichoshika kutu nacho hakinati, kwa hiyo usiite kila kisichonata aluminiamu.

Na jamani, msichome nyaya ili mpate shaba. Ganda la waya la PVC, aina ya plastiki, likiungua linatoa dioksini, sumu mbaya sana, na shaba iliyoungua inashuka bei. Kaa chini uchune kwa kisu. Inachosha, najua.

Muuza sabuni za maji
Kwenye plastiki, soma namba iliyo ndani ya pembetatu: 1 ni PET (ya chupa za maji na soda), 2 ni HDPE (ya madumu), 5 ni PP (ya vifuniko na vyombo). Nilidhani pembetatu ile ni ahadi kwamba kitu kitanunuliwa. Kumbe inataja aina ya plastiki tu.

Zikikatika vipande visivyo na namba, tumia ndoo ya maji. PET inazama, HDPE na PP zinaelea. Shida ni PVC, namba 3, maana nayo inazama, na kidogo tu ikiyeyushwa pamoja na PET inaharibu mzigo. Mnunuzi wangu aliwahi kurudisha viroba vyote kwa ajili hiyo. Sikumlaumu. Nilikaa na vijana wangu tukachambua upya, kimoja kimoja.

Mshonaji
Mwanzisha uzi, asante kwa mada hii. Naona wengi mnaanzia kwenye kuuza, mimi nilianzia mezani. Kipande kinachoanguka chini ya meza nimekinunua kwa bei ya kitambaa, nikikiuza kinaondoka kwa bei ya taka. Kwa hiyo sikati tena nguo moja moja. Oda ikikamilika napanga paterni zote juu ya kitambaa, vipande vidogo vinaingia kwenye nafasi za shingo, kola zinajaza pembeni, ndipo mkasi unagusa. Kila Jumamosi napima mfuko wa vipande. Ilikuwa mifuko miwili, sasa mmoja haujai.

Vinavyobaki natenga: pamba peke yake, poliesta peke yake. Nilihangaika kutafuta kiwanda, kumbe mnunuzi wa pamba ni karakana ya jirani, wanafutia grisi. Poliesta hawataki, hainyonyi. Hiyo bado imenijazia kona.

Mwanzisha uzi
Mshonaji, umenigusa. Kesho naongea na wanaoniletea mzigo, nione kama watakubali kuyachukua maboksi yao gari likirudi tupu. Kuna aliyewahi kukubaliana nao hivyo? Na mwenye mnunuzi wa poliesta amsaidie mwenzetu.