Dirisha la wazee hospitali ya mkoa: kibao kipo, dawa hakuna

Wakuu salaam.

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "manesi wana kauli chafu". Mimi na manesi hatuna ugomvi. Hospitali siitaji, maana ikitajwa itatoka taarifa kwa umma, itaundwa kamati, tutaambiwa changamoto zinafanyiwa kazi na habari itaishia hapo. Jueni tu ni hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mama yangu ana presha na sukari. Hospitali ya wilaya walihangaika naye, sukari ikagoma kushuka, wakamwandikia rufaa. Kitambulisho cha mzee anacho, kina picha na mhuri, na Ustawi wa Jamii wamempitisha. Alfajiri tunapanda basi, tunafika, anapishwa foleni kwa heshima zote. Daktari bingwa tuliyemkuta, Mungu ambariki, alimvua bi mkubwa viatu kwa mikono yake akamkagua nyayo, kidole kimoja kimoja, akitafuta vidonda. Akamuuliza anakula nini usiku. Nikasema kumbe hospitali zetu bado zina watu.

Tukaenda dirisha la dawa.

"Bibi, hizi mbili hatuna. Kijana akakununulie nje."

"Nje wapi, mwanangu?"

Dada wa watu hakujibu, akanyoosha kalamu kuelekea getini. Kati ya dawa tatu alizoandikiwa, bure ilikuwa moja, ya vidonge vya kupunguza maumivu. Ya presha hakuna. Ya sukari hakuna. Yaani kile kilichotutoa kijijini ndicho hakipo.

Ng'ambo ya geti kuna duka la dawa, chumba kimoja, feni mbovu, na mwenye duka anauza na vocha. Zote mbili zilikuwepo! Nimelipa 18,000 za mwezi mmoja. Na kabla hamjaanza kusema dawa za serikali zimeibwa zikapelekwa dukani: niligeuza boksi na vidonge nikatafuta alama ya GOT inayowekwa kwenye dawa za serikali, haipo. Kwa hiyo simwiti mtu mwizi. Wizi ungekuwa afadhali, maana mwizi hukamatwa. Hapa mwenye duka mwenye mtaji wa kuungaunga anajua wazee wa mkoa huu wanameza nini kila mwezi, halafu hospitali yenye mfamasia, kompyuta na kumbukumbu za kila mgonjwa haijui?

Inajua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Maneno matamu. Ila tangu uchangiaji, yaani wagonjwa kulipia sehemu ya matibabu, uanze 1993, hospitali hizi zinategemea sana makusanyo yao wenyewe kununua dawa Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali. Za kifua kikuu na za kufubaza VVU zina miradi yake, ndiyo maana huwasikii wenzetu wakiambiwa wakanunue nje kila mwezi. Za presha na sukari hazina mradi. Mzee akipewa bure, pengo linabaki kwenye makusanyo ya hospitali. Sasa wewe mfanye mganga mfawidhi: rafu ina maboksi machache, dirishani kuna mwenye bima, mwenye fedha mkononi na mzee mwenye kitambulisho. Nani ataambiwa "hatuna"? Siwatetei, nasema mfumo umewapangia wa kumnyima.

Na Bohari ikikosa si kuna mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia hospitali dawa? Utaratibu upo wa kununua kwake. Basi nunueni! Au mshitiri naye anadai?

Halafu kuna kitu kinaniuma zaidi. Ile trilioni 1.3 ya mkopo wa UVIKO (korona) ya 2021 ilileta mashine za CT-scan kwenye hospitali za mikoa, na sipingi, zinaokoa watu. Lakini fikirini: mama anakosa kidonge cha presha mwezi huu na ujao, mishipa inapasuka kichwani, analetwa amepooza upande, ndipo anaingizwa kwenye mashine ya mamilioni kuonyeshwa damu ilikomwagika. Tumenunua mashine ya kupiga picha matokeo ya dawa tuliyokataa kununua.

Mwaka 2017 Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, ziende Wizara ya Afya. Tukasema sasa zina baba mmoja. Kwa hiyo leo msinirushe kwa mkurugenzi wa halmashauri wala kwa diwani, hii ni ya Wizara moja kwa moja.

Wapo watakaosema nisubiri Bima ya Afya kwa Wote, sheria ilishapita 2023. Sawa, mimi naiunga mkono. Ila kadi nayo itapelekwa dirisha lilelile. Rafu ikiwa tupu, kadi itasaidia nini?

Ninachotaka ni kidogo sana, hata bajeti hakihitaji. Kila Jumatatu bandikeni kwenye dirisha la wazee karatasi yenye dawa za presha na sukari zilizopo na zisizokuwepo, na mtoe namba ya simu ya kuulizia. Mzee aliyeko kijijini ajue kabla hajatoa nauli. Kule ndani kuna bibi alitoka mbali kuliko sisi, hakuwa na kijana wa kumnunulia nje. Alikunja cheti chake akakifunga kwenye pindo la khanga, akauliza njia ya stendi.

Walio mikoa mingine, dirisha la wazee la kwenu linatoa dawa gani? Tajeni dawa, siyo majina ya hospitali. Na kama kuna mfamasia wa serikali humu, aje aniambie nimekosea wapi kwenye hayo ya makusanyo.