Bwawa letu wanataka kulifukia wajenge fremu, ukiuliza unaambiwa "bahari si hiyo hapo"!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, nikirukaruka mnivumilie.

Sisi wa Tanga mjini tumesikia kwamba bwawa la kuogelea la umma la upande wetu limefika mezani kwa madiwani. Wanapima mambo matatu: walikarabati, wampe mwekezaji, au walifukie zijengwe fremu za maduka. Hoja yao kubwa ni kwamba limechakaa na haliingizi hela. Jamani! Geti lina kufuli tangu kabla ya Ramadhani. Hela ingepita wapi, uvunguni mwa geti?

Nikaenda ofisini kuuliza. Nimekaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka adhuhuri inaadhiniwa, ndipo kijana mmoja, mdogo kwa mdogo wangu wa mwisho, akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, bahari si hiyo hapo? Tena bure."

Bahari naijua, nimezaliwa nayo. Siku za bamvua maji ya huku kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi yanapiga ukuta, mchana unakanyaga tope na majani mpaka mbali. Yakianza kupwa yanavuta, na mtoto ambaye hata kuelea hajajua hana pa kushika. Bahari inamfaa aliyekwisha kujifunza. Aanzie wapi sasa?

Halafu kuna jambo ambalo kijana yule hata halikumpitia kichwani. Bwawa lile lina ukuta. Jumamosi alasiri ilikuwa zamu ya kina mama, geti linafungwa, mafundi na walinzi wa kiume wanatoka nje, tunavua mabuibui na kuingia majini. Mimi nimejifunza pale nikiwa na watoto wawili tayari, nashikwa tumbo na shoga yangu kama kichanga anayeogeshwa! Bibi mmoja wa Ngamiani alikuwa anakuja kwa ajili ya magoti yake tu, anatembea upande wa kina kifupi akivuta uradi. Nani kati yetu atavua nguo ufukweni, bodaboda zimejipanga juu zinatazama? Ukisikia "watoto wa pwani wote wanajua kuogelea", jua wanaosemwa ni wavulana, tena si wote. Na sisi ndio tunaopanda vyombo kwenda Pemba kuzika na kuoza. Septemba 2011 ilipozama Spice Islander, msiba uliingia nyumba ngapi za pwani hii? Sisemi kujua kuogelea kungewaokoa wote, usiku ule na mkondo ule. Ila binti yangu ana miaka 11 na hajui hata kuziba pumzi.

Tuje kwenye huo "uchakavu". Mzee wa pampu alikuwa anapiga mstari wa chaki ukutani kila jioni, asubuhi anapima. Maji yanashuka sentimita mbili kwa siku. Bwawa lenyewe ni mita 25 kwa 10, kwa hiyo piga hesabu: lita 5,000, yaani matenki matano ya lita elfu moja kila siku ya Mungu. Kidogo kinapaa na jua, kingine chote kinapotelea kwenye ufa ulio pembeni ya bomba la kurudishia maji. Kila mtu anaujua ufa ule. Bili ya maji ikija kubwa, wanalaumu bwawa!

Na yale maji ya kijani waliyoyapiga picha wakaonyesha kikaoni? Pampu ilikuwa inawashwa saa mbili tu kwa siku kwa kubana LUKU, mchanga wa chujio haujabadilishwa miaka, na klorini ilikuwa inamwagwa saa nne asubuhi. Saa nne, jua la Tanga! Klorini ya kawaida isiyokingwa haistahimili jua, adhuhuri haikufika imeshakwisha. Mzee aliwaambia imwagwe magharibi, pampu ikiwa inazunguka. Akaambiwa yeye si mtaalamu. Haya, mtaalamu kapata ukijani wake.

Mwekezaji simpingi, aje. Ila nauliza mapema: kiingilio kitakuwa cha nani? Na Jumamosi yetu itaandikwa kwenye mkataba, au tutakuta muziki na viti vya plastiki?

Fremu sitaki hata kuzisikia. Barabarani hapo hapo zipo zilizofungwa, zimebandikwa "inapangishwa" mpaka karatasi zimepauka.

Kikao ni wiki ijayo. Daftari la mzee lenye vipimo vya chaki ninalo mimi, ameniachia mwenyewe. Kina mama mliokuwa mnakuja Jumamosi, nataka tuwe angalau ishirini, tuingie tukae kimya mpaka ajenda yetu ifike. Na kama kuna anayemjua diwani asiyeogopa kuuliza juu ya ule ufa, anitumie ujumbe pembeni.