Naomba ushauri: kuangalia uchaguzi bila kuwa na shirika

Ndugu wanachama, salaam. Sisi ni wakazi wachache wa mtaa mmoja wa Nakuru tunaotaka kujitolea kuangalia upigaji kura Agosti 2027, hasa kulinganisha Fomu 34A (fomu ya matokeo ya kura za urais ya kila kituo cha kupigia kura) inayobandikwa mlangoni mwa kituo na nakala inayowekwa kwenye tovuti ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi ya Kenya, kama ilivyowezekana mwaka 2022. Tumeliandikia shirika moja la uangalizi bila kujibiwa, na baadhi yetu wameshaombwa na wagombea wawe mawakala wao, jambo ambalo kwa maoni yangu haliendani na uangalizi. Je, kikundi kisichosajiliwa kinaweza kupewa kibali na tume? Kama hakiwezi, tunaruhusiwa kuipiga picha fomu hiyo mlangoni tukiwa wananchi wa kawaida?