Tupeane uzoefu: Uliyefika Sucre, mji mweupe wa Bolivia, njoo utusimulie

MwanaRungwe
Wakuu, salaam. Humu ikitajwa Amerika ya Kusini ni Rio, Machu Picchu na mpira, basi. Leo naomba tuzungumzie Sucre ya Bolivia na vimji vya namna hiyo kwenye milima ya Andes, vile walivyojenga Wahispania: uwanja katikati, kanisa kuu upande mmoja, baraza za matao upande wa pili, na mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Najua wapo humu waliopita huko kwa masomo, kazi au matembezi. Naanza mimi, mtafuata.

Kwa wasioijua: Sucre ndiyo makao makuu ya Bolivia kikatiba. Rais na Bunge wako La Paz tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1899. Sucre ikabaki na Mahakama ya Juu, na kinyongo. Mwambie dereva wa teksi pale kwamba mji mkuu ni La Paz uone kama atakuchekea. Mji uko karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, yaani umevipita kidogo vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro. Hewa nyepesi lakini haiui mtu. Siku ya kwanza tembea taratibu, kunywa chai ya majani ya koka, lala mapema.

Kilichonishika mimi ni viazi. Kwetu tunalima viazi mviringo, nikadhani navijua. Sokoni nikakuta vya zambarau, vya njano, vyembamba vyenye mafundo mafundo. Halafu mama mmoja akanifunulia gunia la vitu vyeusi, vikavu, ukivishika mkononi huhisi uzito wowote. Wanaviita chuño, na ni viazi hivyo hivyo. Wanavitandaza nje usiku wa baridi kali vigande, jua la mchana linaviyeyusha, kisha wanavikanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke. Wanarudia siku kadhaa hadi vikauke kabisa, na hapo vinakaa ghalani miaka. Siku ya kupika unaloweka kwanza. Ladha ni ya udongo udongo, sikudanganyi, haikunipendeza. Lakini nilimuwaza mkulima wa kwetu anayeuza gunia kwa bei ya kutupa msimu wa mavuno kwa kuogopa litamwozea. Baridi ya usiku kule Kitulo tunayo, jua tunalo, miguu tunayo.

Karibuni.

BintiShangani
Kaka MwanaRungwe, umenikumbusha mbali. Nilikwenda na mume wangu tukitokea Madrid tunakoishi. Mimi mtoto wa Mji Mkongwe, nyumba za kale hazinibabaishi, ila Sucre ilinitia wivu. Wote wawili tumo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wao tangu 1991, sisi tangu 2000. Wenzetu katikati ya mji kuta ni nyeupe mtaa baada ya mtaa, vigae vyekundu juu, na watu wanapaka rangi upya kwa sababu manispaa inataka hivyo. Sisi nyumba inaporomoka huku warithi wanashitakiana.

Na zile nyumba, mlango ukiwa wazi chungulia. Ndani kuna ua, vyumba vimeuzunguka, maua kwenye vyungu, pengine chemchemi. Wahispania waliishi karne nyingi pamoja na Waislamu wa Andalusia, na ua wa namna ile waliujua kabla hawajavuka bahari. Nilikaa pale kwenye ua wa nyumba tuliyopanga nikajiona niko kwetu Shangani.

Kwa Waislamu wenzangu: chakula kinataka uangalifu. Ile salteña wanayoisifu, kitumbua cha kuoka chenye nyama na mchuzi wa moto ndani, nilikuwa nauliza kila mahali kama unga umekandwa kwa mafuta ya nguruwe, na mara nyingi jibu ni ndiyo, tena kwa fahari. Soseji zao maarufu ni nguruwe mtupu. Kilichoniokoa ni supu ya karanga. Karanga mbichi zinasagwa, zinachemshwa na nyama ya ng'ombe mpaka mchuzi unakuwa mweupe mzito, na juu wanamwaga vibanzi vya viazi. Huko kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Argentina ndiko karanga zilikoanza kulimwa, sisi tulipelekewa tu. Nyama si ya kuchinjwa kwetu, hilo kila mtu na dhamiri yake. Mimi niliomba bakuli bila nyama, wakanishangaa, wakanipa.

Na mama zangu, msitoke Casa de la Libertad bila kumsalimia Juana Azurduy. Jengo lile ndilo walimosaini uhuru wa Bolivia tarehe 6 Agosti 1825, na wageni wote hukimbilia picha ya Bolívar, jemadari wa ukombozi. Juana alizaliwa mwaka 1780, akaongoza wapiganaji dhidi ya Wahispania, watoto wake wanne wakafia porini kwa maradhi na njaa wakati wa vita, mumewe akauawa 1816. Uhuru ulipopatikana akapewa cheo na pensheni ambayo haikudumu. Alikufa fukara mwaka 1862. Leo mabaki yake yamewekwa humo humo kwa heshima zote. Mwongozo wetu alipofika hapo akapunguza sauti, halafu akasema, "Walimkumbuka alipokuwa hawezi tena kuwadai."

Kitandawili
Nimevuta kiti, endeleeni. Mimi nauli ya kwenda Kigoma tu inanitoa jasho.

Mlushois
Munisamehe Kiswahili changu, ni cha Lubumbashi. Naishi Liège. Mumeongea vizuri juu ya Sucre lakini hamujasema pesa ya kuijenga ilitoka wapi. Ilitoka Potosí.

Chukua basi asubuhi, ni kilomita kama 160, saa tatu hivi, barabara inapanda tu. Potosí imepita mita 4,000, kuzidi Horombo ya Kilimanjaro, na ukishuka kwenye basi kichwa kinakuambia. Juu ya mji unauona ule mlima, Cerro Rico, mwekundu, umetobolewa kila upande. Wahispania walianza kuchimba fedha pale mwaka 1545. Wenyeji waliletwa kwa zamu ya lazima, wanaiita mit'a, kutoka vijiji vya mbali sana, na wengi hawakurudi. Wenye migodi hawakupenda baridi ile, wakajenga nyumba zao Sucre, chini, kwenye hewa ya upole. Ukishajua hivyo zile kuta nyeupe unaziangalia kwa jicho lingine.

Nenda kwenye nyumba ya kale ya kufua sarafu, Casa de la Moneda, iliyomalizika 1773. Kuna mashine kubwa za mbao za kunyoosha vipande vya fedha, magurudumu yake yana meno ya mbao. Chini yake, ghorofa ya chini, baghala walikuwa wanazunguka kutwa kuziendesha, wale chotara wa punda na farasi. Na Waafrika watumwa waliletwa kufanya kazi humo. Nilisimama mbele ya mashine ile muda mrefu, mlinzi akaja kuniuliza kama niko mzima.

Watalii wanauziwa matembezi ya ndani ya mgodi wenyewe, ambao bado unafanya kazi. Mimi nilikataa. Nimezaliwa kati ya wachimbaji, ninajua uso wa mtu anayetoka shimoni, sina haja ya kulipa ili nimpige picha. Rafiki yangu aliingia. Akanieleza juu ya Tío, sanamu la udongo lenye pembe, bwana wa chini ya ardhi, ambalo wachimbaji wanaliwekea majani ya koka, sigara na pombe kali. Anayetaka aende, ila abebe zawadi kwa wachimbaji: koka, maji ya matunda. Si pipi kwa watoto.

Kapsabet_Mtaani
Wadau, mimi niseme kile hakuna mtu amesema: kuwa mweusi pale.

Nilienda Sucre kujifunza Kihispania. Wengi hufanya hivyo, kwa sababu masomo ni bei nafuu na watu wa milimani huongea polepole, maneno yanasikika. Sasa natembea na mwalimu wangu karibu na uwanja, Plaza 25 de Mayo, nikaona wasichana wawili wamevalia sare za shule wakinitazama, mmoja akamfinya mwenzake mkononi. "Suerte!" Mwalimu akawa mwekundu. Akanieleza ni imani ya zamani: ukiona mtu mweusi, mfinye uliye naye, upate bahati. Ilinitokea tena sokoni, na hao walikuwa watu wazima. Hakuna aliyenitukana, wala kunikataza mahali. Lakini kuwa hirizi ya watu usiowajua kunachosha. Bolivia ina sheria ya kupinga ubaguzi tangu 2010, na Katiba ya 2009 inawatambua Wabolivia wenye asili ya Afrika kwa jina. Wengi wao kwao ni mabonde ya Yungas, karibu na La Paz, wanakolima koka, na ngoma yao ya saya inapigwa nchi nzima.

Nikabahatika kuwa huko Septemba, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe. Barabara zinafungwa, vikundi vinacheza mchana hadi usiku. Wakapita wacheza morenada: vinyago vyeusi, macho yametokwa, midomo mikubwa, ulimi nje, mavazi mazito ya kumetameta, njuga zikikereza. Wengi wanasema ni watumwa wa Kiafrika wanaoigizwa, wamechoka, wanaburuta miguu. Muziki wa tarumbeta ni mtamu ajabu. Nilicheza kwa mabega, na kile kinyago bado sikipendi.

Mama wa maji ya matunda Mercado Central ndiye alinifanya nisiondoke. Anasaga papai na maziwa, anakujazia glasi, unakunywa, halafu bila kuulizwa anakumiminia yale yaliyobaki kwenye mashine. Yapa, nyongeza. Ukihamia meza ya jirani kesho yake ataona, na atanuna.

Mzee_Mtulivu
Vijana mnaisifu mno. Jumapili Sucre imefungwa, kimya, mpaka mtu usikie viatu vyako mwenyewe. Wote wamekwenda Tarabuco mnadani, kwa hiyo nenda nao tu, kilomita sitini na kitu.

Kubwa zaidi ni vizuizi. Kule mtu akigombana na serikali hafungui kesi, anafunga barabara. Tulitoka Potosí na basi la kampuni ambayo sitaitaja, njiani tukakuta mawe, matairi yanawaka, wakulima wamekaa wanatafuna koka. Utingo akasema tu, "Shukeni." Nauli haikurudi. Tukabeba mizigo kupita katikati ya wale wakulima, ambao kwa kweli walitusalimia vizuri, tukatembea hadi upande wa pili kulikokuwa na magari yaliyogeuza. Umri wangu na ule mwinuko! Basi kabla hujakata tiketi muulize mwenyeji hali ya barabara, na siku ya ndege yako ya kurudi nyumbani usiitegemee barabara hata kidogo.

MamaZawadi_Houston
Kwa wenye watoto: Cal Orck'o. Ni machimbo ya kiwanda cha saruji nje kidogo ya mji, na ukuta wa mwamba uliosimama karibu wima, zaidi ya kilomita moja kwa urefu, umejaa nyayo za dinosaria. Zilipigwa kwenye tope la ufukwe wa ziwa yapata miaka milioni 68 iliyopita, tope likawa jiwe, ardhi ikasukumwa na kujikunja hadi sakafu ikasimama. Mwanangu aliuliza walipandaje ukutani. Mchana wanakushusha na kofia ngumu hadi karibu na mwamba. Ukiwa juu kwenye uzio unaona madoa tu, ukishuka unaona unyayo na kidole chake. Baada ya hapo nenda La Recoleta juu ya mji, kuna makumbusho ya nguo za Wajalq'a, wenyeji wa huko, nyekundu na nyeusi, viumbe vya ajabu vimefumwa kichwa chini, kichwa juu, havina mpangilio. Mfumaji anakaa humo humo akifuma. Kipande kimoja kinaweza kumla miezi, kwa hiyo usimpunguzie bei.

Mmwera_Asilia
Mama Zawadi, wao wana bahati, nyayo hazibebeki. Sisi Lindi mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi pwani, na leo ile mifupa mirefu imesimama Berlin.

Dogo_wa_Ubungo
Sijafika Sucre, nimefika Cuenca ya Ecuador. Ni kubwa zaidi, mita 2,500 na ushee, kanisa kuu lina kuba za buluu. Zile kofia mnazoziita za Panama zinafumwa huko. Mvua kila jioni. Nimemaliza.

MwanaRungwe
Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Kwa walioniuliza pembeni: kavu ni Mei hadi Oktoba, na usiku wa Juni na Julai uwe na sweta la maana. Mvua kubwa ni Desemba hadi Machi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe, usibishane na mtu wa uwanja wa ndege. Fedha ni boliviano. Kwa miaka mingi dola ilikuwa karibu 6.9, ila tangu 2023 dola zilipoadimika bei ya mtaani ikaachana na ya benki, kwa hiyo nenda na noti safi, zisizochanika, na uulize bei ya siku hiyo. Majani ya koka yaache huko huko.

Mlushois, ukipata nafasi tuelezee hiyo mit'a, zamu ya lazima, kwa kirefu, ikibidi uanzishe uzi wake.