Delhi hadi Agra kwa siku moja: treni, gari la kukodi au basi la watalii?

Kijana wa Kibaha
Habari zenu wakuu. Niko Delhi, nimemsindikiza mama kwenye matibabu ya goti. Upasuaji umekwenda salama, na dada yangu amefika kunipokea zamu. Nimepata siku moja ya kuwa mbali na hospitali tangu alfajiri hadi usiku, nami nimetamani kuiona Taj Mahal, lile kaburi maarufu lililoko Agra, tangu shule ya msingi. Nimeambiwa kuna treni ya haraka, gari la kukodi na dereva wake, au basi la watalii linalopita kukusanya watu hotelini. Mliowahi kwenda, ipi inamfaa mtu mwenye siku moja tu? Siku yenyewe ni Ijumaa.

Binti Pangani
Pole kwa kuuguza, Mungu amponye mama haraka. Kabla ya lolote, badilisha siku. Ijumaa Taj Mahal haipokei watalii, huingia waumini wa pale tu kwa sala kwenye msikiti ulio pembeni mwa kaburi. Na Gatimaan, ndiyo hiyo treni ya haraka, nayo Ijumaa haitembei.

Ukibadilisha, kura yangu naipa treni. Inaondoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin saa 2:10 asubuhi na kufika Agra Cantt saa 3:50. Kurudi inaondoka saa 11:50 jioni, na saa 1:30 usiku uko Delhi. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, chakula unaletewa kitini, na foleni za Delhi huzioni kabisa. Una saa nane Agra, zinatosha Taj Mahal na Ngome ya Agra bila kukimbizana. Nje ya stesheni kuna teksi na bajaji za kulipia kabla ya kupanda, tumia hizo. Tiketi ya treni usingoje siku ya safari, huisha mapema.

Mwana wa Mvita
Dada Binti amesema kweli, ila treni ina ila moja: unafika jua limeshapanda na watu wamejaa. Taj inafunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Sisi tulikodi gari, tukatoka Delhi usiku wa manane kwa ile barabara ya kulipia ya Yamuna Expressway, kilomita 165 za zege lililonyooka, tukawa langoni kungali giza.

Asubuhi ile uwanja ulikuwa na nafasi, ukasimama mbele ya tao kuu ukasoma Qurani iliyochorwa kwa jiwe jeusi ndani ya marumaru nyeupe. Mwandishi wake ni Amanat Khan, na jina lake limo humo humo. Herufi za juu zilifanywa kubwa kuliko za chini, ili aliye chini azione zote sawa. Saa nne asubuhi, katikati ya msukumano, huwezi kusimama ukalitazama hilo.

Lakini gari la usiku si la Desemba na Januari. Ukungu wa huko ni mzito na ajali hutokea. Na hakikisha dereva amelala kabla ya safari.

Mama Kulwa
Basi mimi nimepanda na simshauri mtu. Lilipita hoteli moja baada ya nyingine hadi jua likawa kali, na kule Agra tukapelekwa duka la marumaru, kisha duka la mazulia. Taj tukapewa muda mfupi, Ngome tukaiona kwa haraka haraka. Bei yake ni ndogo kweli, lakini tiketi za kuingia zilikuwa hazimo. Kwa mgeni kama sisi Taj ni rupia 1,100, na 200 zaidi ukitaka kupanda kwenye kaburi lenyewe, na tiketi ina muda wa saa tatu. Lipa hizo 200. Umetoka mbali mno kulitazama kwa nje.

Fundi Ramani
Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Watu wengi wanakwenda Agra kwa ajili ya Taj tu, wanaipita Ngome kana kwamba ni nyongeza. Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan aliyeijenga Taj kwa ajili yake, alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. Kazi ya kaburi ikaanza 1632, na eneo zima likakamilika mnamo 1653. Miaka mitano baadaye Shah Jahan akapinduliwa na mwanawe Aurangzeb, akafungiwa ndani ya Ngome ya Agra hadi alipokufa 1666. Ukiwa kwenye mnara wa Musamman Burj unaiona Taj ng'ambo ya pindo la mto Yamuna, kama alivyoiona yeye kwa miaka hiyo yote. Ukitoka Taj nenda hapo siku hiyo hiyo.

Na kama Ijumaa haibadiliki, usihesabu siku imepotea. Kaburi la Humayun, mfalme wa ukoo huohuo aliyemtangulia Shah Jahan, liko Delhi penyewe, karibu na hiyo stesheni ya Nizamuddin, na Ijumaa liko wazi. Lilijengwa karne ya 16, miongo mingi kabla ya Taj, na ndilo lililoionyesha njia: kuba kubwa, jukwaa pana, bustani iliyogawanywa mara nne kwa mifereji ya maji. Ukarabati wake ulisimamiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, haohao walioitengeneza upya bustani ya Forodhani kule Unguja. Kwangu mimi, aliyeanza na Humayun huielewa Taj vizuri zaidi akifika.

Kijana wa Kibaha
Asanteni sana, Ijumaa karibu inipoteze. Sasa kuna jipya: mama amesikia habari hizi, anasema naye anataka kwenda Agra. Anatembea kwa magongo. Gari si litafaa zaidi hapo?

Mama Kulwa
Mwanangu, muulize kwanza daktari aliyempasua, tena waziwazi, umtajie saa za safari. Gari ni saa tatu hadi nne kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mtu aliyetoka kupasuliwa goti akikaa muda mrefu hivyo, damu yaweza kuganda mguuni, na hilo ni jambo la hatari. Pia magari ya mafuta hayafiki langoni Taj, yanaachwa mbali kwa sababu ya moshi, kisha unapanda vigari vya umeme. Na kaburi liko juu ya jukwaa lenye ngazi.

Mwana wa Mvita
Namuunga mkono Mama Kulwa. Gari nalipenda, lakini kwa mgonjwa hapana.

Kijana wa Kibaha
Nimetoka kwa daktari. Agra amemkatalia mama, ila matembezi mafupi ndani ya mji ameruhusu. Tumekubaliana na dada hivi: Ijumaa tunampeleka mama kwa Humayun kwa kiti cha magurudumu, Jumanne mimi naenda Agra kwa Gatimaan. Tiketi nimeshapata.

Fundi Ramani
Mpango mzuri huo. Humayun naye yuko juu ya jukwaa lenye ngazi za mwinuko mkali, kwa hiyo mama abaki bustanini. Kuba linaonekana lote kutoka chini, na kuna miti ya kivuli.

Binti Pangani
Jumanne beba pasipoti yenyewe. Chakula usiingie nacho Taj, na kipachiko cha miguu mitatu cha kamera kiache hotelini, vinazuiwa langoni. Ndani ya kaburi kupiga picha hairuhusiwi. Anza na Taj ukitoka stesheni, Ngome iwe mchana, na saa 11 jioni uwe umeshafika Agra Cantt.